Bawa la P-51D: kitabu kinasema lilizibwa puti, kiti imejaa ribiti. Nimuamini nani?

#1 Fundi_Gundi
Wakuu salama. Niko kwenye modeli ya P-51D Mustang, ndege ya kivita ya Marekani ya vita vya pili, skeli ya 1/48, bodi nimeshafunga, mabawa bado yapo mezani. Sasa jana usiku nilikuwa napekua kitabu nijue mashimo ya matairi napaka rangi gani, nikakutana na maelezo kwamba bawa la Mustang likiwa kiwandani lilikuwa linapigwa praima, linazibwa puti kwenye viungo na kwenye vichwa vya ribiti (vile vipini vya kuunganisha mabati), linapigwa msasa mpaka linateleza, halafu ndio linapuliziwa rangi ya fedha. Yani sio bati tupu kama bodi. Nikanyanyua bawa la kiti yangu nikaliweka chini ya taa: ribiti mwanzo mwisho, mistari ya paneli (viungo vya mabati) kama mitaro ya maji ya mvua. Nina vitabu vitatu na vyote vinasema hivohivo. Hawa wanaotengeneza kiti hawasomi? Au vitabu ndio vinakopiana? Kabla sijafungua puti nataka kusikia waliopita njia hii.

#2 DebeTupu
Kiti imejaa ribiti? Kaa taratibu mkuu zisije zikakuchoma

#3 Fundi_Gundi
Hahaha haya, seti ya modeli basi. Ila nikiandika hivo kila mara vidole vitaisha. Kiti itabaki kiti.

#4 MzeeWaRafu
Kitabu kiko sahihi ila umekisoma mbiombio. Sio bawa zima lililozibwa. Ni kuanzia ukingo wa mbele kurudi nyuma mpaka kama asilimia 40 ya upana wa bawa, kwa sababu North American, kiwanda kilichounda Mustang, walitumia umbo la bawa ambalo hewa inatakiwa ipite juu yake kwa utulivu bila kuvurugika, na kichwa cha ribiti kimoja kilichonyanyuka kinatosha kuivuruga. Rangi ya fedha ndio ilipakwa karibu bawa lote, puti hapana.

Pia usizibe kila unachokiona. Milango ya bunduki na risasi juu ya bawa lazima ionekane, D ina bunduki sita, tatu kila upande, na ile milango mafundi walikuwa wanaifungua kila siku. Vifuniko vya matenki ya mafuta vilevile. Flepu na eleroni, zile sehemu zinazocheza ukingo wa nyuma wa bawa, ziache zilivyo. Ukifuta hivyo vyote utakuwa na ndege isiyo na pa kutilia risasi wala mafuta. Nasisitiza hiyo milango, maana naona watu wakishika msasa akili inahama.

#5 Fundi_Gundi
Shukrani mzee. Nimekusoma. Lakini sasa swali limekuwa gumu zaidi, kama inajulikana mpaka asilimia, mbona kiti haina?

#6 Skeli72
Biashara mkuu. Mtu anafungua boksi cha kwanza anatazama bawa. Akikuta limelala laini kama sahani anasema hawa wavivu hawajachonga chochote, anaenda kuandika mtandaoni kwamba kiti haina maelezo. Akikuta ribiti mia tano anasema aisee hii ndio modeli. Mtengenezaji anajua ukweli vizuri tu, ila mteja anayenunua ni yule wa ribiti.

#7 Kalipa
Skeli72 hapo sikubaliani. Mimi naona tatizo ni chanzo cha vipimo. Siku hizi wanakwenda makumbusho au kwa mwenye ndege inayoruka, wanapima, wanapiga picha elfu, wengine wanaskani kabisa. Sasa Mustang nyingi zilizopo leo zimefanyiwa matengenezo makubwa, mwenyewe anataka ing'ae kwenye maonyesho, kwaiyo puti imekwanguliwa zamani na bati limepigwa polishi mpaka unajiona sura. Ukiskani ile ndege unapata ribiti zote kwa uaminifu kabisa. Vipimo viko sawa ila ndege sio ya 1944.

#8 Skeli72
Basi mbona hata kiti za zamani kabla ya mambo ya kuskani zilikuwa na mistari? Zile za mistari iliyonyanyuka juu. Nani aliskani?

#9 Kalipa
Zile zilikuwa zinafuata michoro, na mchoraji anachora kila kiungo kilichopo kwenye ndege hata kama kimefunikwa, kazi yake ni kuonyesha muundo. Anayetengeneza moldi anaona mstari kwenye karatasi anachonga mstari kwenye chuma. Hakuna aliyekosea na bado matokeo ni makosa.

#10 BintiPropela
Nyie mnagombana bure. Ribiti kuziba ni kazi ya jioni moja, unapaka praima nzito au puti iliyolainishwa kwa thina, unapiga msasa, umemaliza. Sasa niambie ni nani kati yenu anaweza kuchonga ribiti mia tano kwa mkono zikae mstari mmoja? Mimi ningekuwa mtengenezaji ningeziweka zote, asiyetaka azibe. Kutoa ni rahisi kuliko kuongeza.

#11 Msasa1000
Bibie kaongea. Ila hiyo ya jioni moja ni ya kwako, mimi bawa la kwanza lilinichukua wiki.

#12 Rangi_ya_Tatu
Naomba kuweka mchanga kidogo kwenye pilau lenu. Nina picha ya Mustang ikiwa Uingereza 1944, imepigwa kutoka ubavuni jua likiwa chini, na ribiti kwenye bawa ZINAONEKANA. Nimeikuza mpaka ikawa vidoti, zinaonekana. Kwaiyo huo mwongozo wa kiwandani unasema kilichotakiwa kufanyika, picha inasema kilichofanyika. Ndege imekaa nje kwenye mvua, mafundi wanapanda juu na mabuti, petroli inamwagika, puti inapasuka inabanduka. Miezi mitatu vitani lile bawa halikuwa tena lile lililotoka kiwandani.

#13 MzeeWaRafu
Ribiti unazoziona ziko sehemu gani ya bawa?

#14 Rangi_ya_Tatu
Karibu na flepu, na kidogo kwenye maungio ya bawa na bodi.

#15 MzeeWaRafu
Basi umenisaidia mimi. Karibu na flepu ni nyuma ya ile asilimia 40, hapo hapakuwa na puti toka mwanzo, palipakwa rangi tu. Kubanduka nakubali kulikuwepo, picha za bawa lililochakaa zipo, ila hiyo yako haithibitishi.

#16 Rangi_ya_Tatu
Wala haikanushi 😄

#17 DebeTupu
Mwenye popcorn anipitishie. Na hapa bado hatujafika kwenye rangi ya Zero, ile ndege ya Wajapani.

#18 BintiPropela
Usithubutu kuitaja hiyo. Uzi wa mwisho wa Zero ulifungwa.

Halafu wacha nitupie hesabu kidogo, watu wanabishana mstari uwepo au usiwepo bila kuuliza mstari wenyewe una ukubwa gani. Tuseme mstari wa paneli kwenye kiti una upana wa milimita 0.2, na hiyo ni kiti nzuri. Zidisha mara 48. Unapata milimita 9.6. Karibu sentimita nzima! Yani kwenye ndege halisi ungeweza kuingiza kidole cha mtoto kati ya bati na bati. Kwenye 1/72 ni mbaya zaidi, 14.4. Nafasi ya kweli kati ya mabati ni milimita moja hivi au mbili, ukigawa kwa 48 unapata 0.02 mpaka 0.04 ambayo rangi peke yake inaimeza. Kwaiyo hata kwenye bodi ambako mistari ni halali, ukubwa wake ni uongo. Tumeuzoea tu.

#19 Skeli72
Umenitaja bila kunitaja hapo kwenye 1/72, nimekuona 😂

#20 Msasa1000
Hiyo hesabu nilikuwa naijua kichwani ila sijawahi kuiona imeandikwa. Inaumiza. Mimi nilikuwa najaza woshi nyeusi (rangi nyepesi ya majimaji) kwenye kila mstari nikiamini naongeza uhalisia, nikitazama sasa rafuni naona vitabu vya hesabu vya shule vile vya madaftari ya mraba.

#21 Fundi_Gundi
Mimi woshi nyeusi niliacha baada ya kuambiwa humuhumu kwamba ndege yangu inafanana na kobe.

Tukirudi kwenye uzi, nimeangalia mwongozo wa matengenezo wa wakati ule, AN 01-60JE-2, kuna mtu kauweka mtandaoni. Kurasa nyingi. Mchana wote nimepotelea kwenye mabomba ya haidroliki, ila nimejifunza kitu ambacho sikukitafuta: ile milango ya ndani ya matairi. Nilikuwa najua inaning'inia wazi ndege ikiwa imepaki, kiti nayo inaelekeza hivo. Kumbe rubani akishateremsha matairi milango inajifunga tena, inabaki wazi ile midogo ya pembeni tu.

#22 Kalipa
Ndio, na injini ikizimwa presha ya haidroliki inapungua polepole, milango inaanza kulegea yenyewe mpaka inaning'inia. Flepu pia zinashuka. Ndio maana kuna picha imefungwa kabisa, kuna picha imefunguka nusu, mlango mmoja juu mwingine chini, zote za kweli. Inategemea ndege imezimwa saa ngapi.

#23 Rangi_ya_Tatu
Kwaiyo nikigundisha imefungwa nasema ndiyo kwanza imetua. Nikigundisha wazi nasema rubani yuko kwenye chai. Sikosei popote.

#24 Msasa1000
Na tairi likiwa na vumbi na propela imekaa wima sawasawa unasema nini? Tafuta hadithi.

#25 MzeeWaRafu
Mashimo ya matairi ndio swali la awali la mwenye uzi na hakuna aliyemjibu, mmebaki kwenye puti. Kaka Fundi, usipake shimo lote kijani wala njano. Ule ukuta wa nyuma, ambao ndio mhimili mkuu wa bawa, ndio ulikuwa na zinki kromati, rangi ya kuzuia kutu, ya njano-kijani. Vingine vingi mle ndani viliachwa bati. Ndege za maonyesho utakuta shimo zima limepakwa kijani safi linang'aa, ni mwenye nayo anazuia kutu, ana haki yake, ila sio 1944.

#26 Fundi_Gundi
Nilishapaka lote kijani 😭 vitabu viwili kati ya vitatu vina picha hiyo.

#27 MzeeWaRafu
Picha za ndege gani? Soma maandishi madogo chini yake. Nakuhakikishia ni ndege iliyofanyiwa matengenezo, imesimama ndani ya banda lenye sakafu safi ya kung'aa. Vitabu vya kuizunguka ndege ukiipiga picha kila kona ni vizuri kwa umbo, bomba linapita wapi, kiti cha rubani kimekaaje (kiti cha kukalia, DebeTupu tulia). Kwa rangi usiviamini.

#28 DebeTupu
Sijasema kitu mzee

#29 Kalipa
Na michoro ya rangi ya ubavuni je? Mimi hiyo ndio nilikuwa naichukulia kama msahafu.

#30 MzeeWaRafu
Aisee. Nimeanza na vile vijitabu vyembamba vya ndege vya Profile vya miaka ya 1960, bado ninavyo, karatasi imekuwa ya kahawia. Nilikuwa naona ile michoro ya katikati na kusema basi, ukweli ndio huu. Baadaye sana nikaja kuona picha moja nyeusi na nyeupe ambayo naamini mchoraji ndiyo aliyoitumia. Inaonyesha ubavu wa kushoto, na mkia umekatwa na fremu. Namba ya mkiani haipo. Mchoraji kachora ndege nzima, na jina la rubani upande wa kulia, na namba. Kaitoa wapi? Labda alikuwa na picha nyingine. Labda alibahatisha. Sisi tunaopaka rangi tunafikiri tunanakili ndege, tunanakili mtu aliyenakili picha.

Simlaumu, watu walitaka rangi, kawapa rangi.

#31 Rangi_ya_Tatu
Na hata picha yenyewe nyeusi na nyeupe inadanganya. Kuna filamu za zamani zilikuwa hazioni nyekundu, inatoka nyeusi tii, na njano inatoka ya giza vilevile, wakati bluu inatoka nyeupenyeupe. Mimi nilipaka pua ya ndege nyeusi kwa kufuata picha, nikaipeleka kwenye maonyesho ya chama, mzee mmoja akaja akaitazama muda mreeefu akaniuliza taratibu "kikosi hiki kilikuwa na pua nyeusi?" Nikamjibu kwa kujiamini ndio, picha ninayo. Akasema "mh". Akaondoka. Nimerudi nyumbani nimetafuta, nyekundu. Ile "mh" naisikia mpaka leo.

#32 Msasa1000
Hahahaha ile "mh" ni mbaya kuliko kutukanwa

#33 Skeli72
Ndio maana mimi nafuata picha za rangi tu. Kodachrome, filamu ya rangi, ilikuwepo kabla hata ya vita, hapo hakuna ubishi, unaona rangi na macho yako.

#34 MzeeWaRafu
Hakuna ubishi? Umewahi kusikia wale wanne wa Bottisham?

#35 Skeli72
Hapana. Wanamuziki?

#36 MzeeWaRafu
Mustang nne za kundi la 361 la wapiganaji la Marekani, zilizokuwa Bottisham, Uingereza. Zilipigwa picha za rangi zikiwa angani mwaka 1944, D tatu na B moja, ya mbele ni Lou IV ya kamanda wao. Picha nzuri kupita kiasi, zimechapishwa kila mahali. Sehemu za juu za baadhi ya zile ndege zimepakwa rangi ya giza juu ya bati. Haya, hiyo rangi ni bluu au kijani? Ni picha ya RANGI. Na watu wamebishana miaka na miaka.

#37 BintiPropela
Ni kijani. Ilikuwa olivu drabu (kijani-kahawia) ya Wamarekani au kijani cheusi cha RAF, jeshi la anga la Uingereza, maana walikuwa kwenye ardhi ya Waingereza na makopo yalikuwepo. Bluu imeletwa na picha kunakiliwa mara nyingi, kila nakala inavutia kwenye bluu.

#38 Kalipa
Mimi nasema bluu ni mbingu. Rangi ya juu inaakisi anga, uko juu futi elfu kadhaa hakuna kinachoakisi kingine.

#39 Rangi_ya_Tatu
Mbona ukiangalia vitu vingine kwenye picha hiyohiyo havijawa bluu? Pua zao za njano ni njano safi. Kuna wanaosema kikosi kilichanganya rangi chenyewe, bluu kweli. Mafundi wa kikosi walikuwa hawasomi vitabu vyetu.

#40 BintiPropela
Njano kuonekana njano haithibitishi kitu, kijani cha giza ndio kinateleza kwa urahisi. Na kuna nakala nyingine ya picha hiyohiyo ambayo kijani kinaonekana dhahiri.

#41 Rangi_ya_Tatu
Na nyingine ambayo bluu inaonekana dhahiri. Tumerudi palepale.

#42 Skeli72
Nafuta nilichosema. Napaka nusu bluu nusu kijani.

#43 DebeTupu
Piga zambarau mkuu, muwaunganishe wote wakuchukie

#44 Kalipa
Wakati tunaungama makosa wacha na mimi nitoe langu. Nilinunua kiti ya P-51D ya 1/48, nikaiwekea juu ya mchoro wa kitabu, bawa la kiti likazidi. Nikaandika uzi mrefu wa hasira kwamba mtengenezaji hajui kupima, nikashauri watu wasinunue. Bawa la Mustang ni mita 11.28 kutoka ncha mpaka ncha, ukigawa kwa 48 unapata milimita 235. Jamaa mmoja akanijibu kwa neno moja: pima mchoro. Nikapima mchoro. 231. Sio kitabu, ni nakala niliyotoa kwa mashine ya kudurufu, ilikuwa imepunguza ukubwa ili ukurasa uenee. Kiti ilikuwa 235 kamili. Ule uzi nimeomba ufutwe haujafutwa, upo, mnaweza kuutafuta mkicheka.

#45 Msasa1000
Tumeshautafuta 😂😂 "kwa masikitiko makubwa nawatahadharisha wadau"

#46 Kalipa
Nilijua tu.

#47 Skeli72
Ila Kalipa hapo kaleta kitu cha maana. Kabla ya mchoro, pima mchoro. Hata kitabu chenyewe karatasi ikiwa mchoro umekatika katikati ya mshono wa kurasa huwezi kupima sawasawa.

#48 Fundi_Gundi
Taarifa ya maendeleo. Nimeziba bawa la kushoto. Nimetumia puti ya kulainisha na thina, tabaka tatu, nikaacha siku mbili, msasa 600 halafu 1000 na maji. Linateleza mpaka mkono unahisi raha. Nimeliweka karibu na la kulia ambalo bado lina ribiti, na sasa nakiri hapa mbele yenu: la kulia linapendeza zaidi. Najua sio sahihi. Ila macho yanalitaka.

#49 Skeli72
#6 nilisema nini? Mteja wa ribiti ndio wewe!

#50 Fundi_Gundi
Umenikamata kaka.

#51 BintiPropela
Liache jicho lizoee. Ukishapuliza rangi ya fedha juu ya bawa laini na bodi ukaipa rangi ya bati tupu, tofauti ya mng'ao inatokea yenyewe, na hiyo ndio kitu kinachomwonyesha mtu kwamba unajua. Bodi inang'aa kwa vipande, paneli hii nyeusi kidogo ile nyeupe kidogo, bawa limepoa rangi moja kama sufuria ya aluminiamu. Mwenye "mh" akija hana la kusema.

#52 Msasa1000
Halafu utaweka mistari ya uvamizi? Ile ya nyeusi na nyeupe waliyopaka ndege za Washirika Juni 1944. Ukiiweka nusu ya ubishi wa bawa inafunikwa.

#53 Fundi_Gundi
Ndio nitaiweka, nyeupe tatu nyeusi mbili. Nimekata tepu ya milimita 9.5, maana ndege ya injini moja mstari ulikuwa inchi 18.

#54 Msasa1000
Hesabu sawa. Ila usinyooshe sana. Ilipakwa haraka siku moja au mbili kabla ya kutua Normandy, wengine kwa brashi za kawaida kabisa, kingo zimepinda. Mimi niliipaka kwa mkono bila tepu ili iwe ya kweli, shemeji akaja akaitazama akasema "hapa mkono ulikutetemeka eeh, pole". Nimeelezea historia ya vita nzima kutetea mistari mitano.

#55 DebeTupu
Na haikuwa mkono kutetemeka?

#56 Msasa1000
Kidogo.

#57 Rangi_ya_Tatu
Naona hakuna aliyegusa swali ambalo linanisumbua mimi. Hilo bawa laini lenyewe lilisaidia kweli? Nimesoma sehemu kwamba vumbi, wadudu waliogonga ukingo wa mbele na mikwaruzo vilitosha kuharibu ule mtiririko wa hewa uliokusudiwa, na kwamba mbio za Mustang zilitokana zaidi na namna walivyoweka rejeta chini ya tumbo na usafi wa umbo zima. Kama ni hivyo yale masaa yote ya puti kiwandani yalikuwa bure.

#58 MzeeWaRafu
Bure sio neno. Bawa lenyewe hata bila mtiririko kamili lilikuwa na ukinzani mdogo kwenye kasi kubwa. Halafu kiwandani walikuwa hawajui tunachojua leo. Wangeacha kuziba kwa kubahatisha?

#59 Kalipa
Na injini yake, Merlin ya Packard, je? Mnaizungumzia Mustang kama ilikuwa inasukumwa na puti.

#60 BintiPropela
Huo ni uzi mwingine jamani. Fundi, umefika kwenye kanopi, kile kioo cha juu ya rubani? Usije ukaigundisha kwa supaglu. Mimi niliweka tone moja tu, dogo, nikaenda kulala kwa furaha. Asubuhi kanopi nzima ina ukungu mweupe kwa ndani kama kioo cha bafuni mtu katoka kuoga, ule moshi wa gundi unaganda kwenye plastiki. Rubani hanioni simuoni. Tumia gundi nyeupe ya mbao, ikizidi unafuta na maji.

#61 Fundi_Gundi
Asante dada. Kanopi bado. Kuna jambo limetokea.

Nimemaliza bawa la kulia. Nilipofika kule nilikuwa nimeshakolea, muziki umewashwa, msasa unaenda wenyewe, nikasema ngoja nipitishe tena mara ya mwisho. Nimeosha vumbi kwa maji, nimekausha, nimeweka chini ya taa. Laini kote. KOTE. Milango ya bunduki haipo. Ya risasi haipo. Kifuniko cha tenki kimebaki alama kama ya senti iliyofutika. Bawa la kushoto nalo nimelitazama upya, la kushoto pia haipo, sikuwa nimeona.

Mwenye sindano nzuri ya kuchongea mistari ya paneli anielekeze, nataka iwe nyembamba iwezekanavyo.

#62 MzeeWaRafu
#4.

#63 Fundi_Gundi
Najua mzee. Najua.

#64 DebeTupu
Mh